Ukiagiza Chai, Sema Chai Gani

Neno chai peke yake ni agizo nusu. Ukiingia mgahawani Dar es Salaam ukasema "naomba chai", mhudumu atakuuliza kabla hujakaa vizuri: ya maziwa au ya rangi? Mombasa utatajiwa mkandaa, Nairobi turungi, Unguja utaulizwa kama unataka ya viungo. Nyumbani hakuna anayeuliza kwa sababu kila nyumba ina chai yake. Mama akisema "kabandike chai", mtoto anajua maji kiasi gani, maziwa yako wapi na tangawizi inapondwa kwa kitu gani.

Maneno hayo yanayofuata baada ya chai ni maelekezo ya jikoni. Yanasema majani yaingie lini, yakae motoni muda gani, na maziwa yawemo au yasiwemo. Chai nyingi mbaya hutokana na kuchanganya maelekezo: ya rangi inachemshwa kwa muda wa ya maziwa, inakuwa chungu, ya maziwa inapikwa kwa haraka ya rangi, inakuwa maziwa ya moto yenye weusi kidogo, tangawizi inatupwa mwishoni, maziwa yanakatika. Tupite kwenye majina hayo tuone kila moja linadai nini.

Punje zilizomo kwenye pakiti

Neno liliufikia mwambao kabla ya mmea. Lilitoka "cha" ya Kichina, likapita kwa Waajemi na Wahindi, likafika kwetu kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Ndugu zake ni caayi ya Waganda, icyayi ya Wanyarwanda na icayi ya Warundi. Mmea wenyewe ulipandwa Amani katika milima ya Usambara na Limuru nchini Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na kilimo cha biashara kikashika kasi katika miaka ya 1920. Leo mashamba yamejaa Kericho, Nandi, Mufindi, Rungwe na Lushoto, kote ambako mvua ni ya uhakika, udongo una asidi na usiku ni wa baridi.

Karibu majani yote yanayouzwa madukani kwetu hutengenezwa kwa njia moja. Mchumaji huchukua majani mawili na kichipukizi. Kiwandani yananyaushwa, kisha yanapita kwenye mashine zenye meno zinazoponda, kuchana na kuviringa kwa pamoja. Aina hiyo ya mashine ilibuniwa Assam, India, katika miaka ya 1930, na chai yake huitwa CTC, kwa herufi za kwanza za kazi hizo tatu kwa Kiingereza. Majani yaliyochanika huachwa yapigwe na hewa mpaka yatoke ukijani na kuwa rangi ya shaba, ndipo yanakaushwa. Kilo nne hadi tano za majani mabichi huishia kuwa kilo moja ya makavu.

Jambo la kukumbuka kwa mpishi ni kwamba punje hizi zimechanika sana, hivyo hutoa rangi na ukali kwa kasi kubwa kuliko majani marefu yaliyosokotwa ya China au ya Darjeeling nchini India. Ukisoma maelekezo ya chai yaliyoandikwa kwa ajili ya majani yale ukayatumia kwa pakiti ya hapa, utapata kitu kizito kupita kiasi.

Hata ndani ya CTC kuna ukubwa tofauti. Kwenye mnada wa Mombasa, ambako chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine za jirani huuzwa kwa wanunuzi wa dunia nzima, chai hupangwa kwa herufi. BP1 ni punje kubwa kuliko zote, PF1 ni ndogo zaidi, PD ni ndogo tena, na D1 ni vumbi. Watu wengi wakisikia vumbi hudhani ni takataka zilizofagiliwa sakafuni. Hapana. Vumbi ni daraja la ukubwa, na D1 ya kiwanda kizuri inaweza kuwa chai nzuri sana. Kasoro yake ni kwamba haikusamehe ukiichelewesha motoni. Ukiona punje zako ni za unga-unga, punguza robo ya kipimo na usizidishe dakika mbili. Ukiona ni za kuhesabika kwa macho, unaweza kwenda dakika nne.

Kama una shaka na majani yanayouzwa kwa kupimwa, tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi. Majani halisi hutoa rangi polepole. Yakitoa wekundu mkali papo hapo, yamepakwa rangi, au ni makapi yaliyokwisha kutumika yakakaushwa na kutiwa rangi upya. Na ukishayapata mazuri, usiyaweke karibu na sabuni, mafuta ya taa wala bizari. Majani ya chai hunyonya harufu upesi sana, na harufu hiyo haitoki tena. Kopo la bati lenye mfuniko unaobana linafaa kuliko pakiti iliyofungwa kwa mpira.

Ya rangi, mkandaa, turungi

Haya yote ni chai isiyo na maziwa, lakini hayapikwi sawa, na hapo ndipo watu hukosea.

Chai ya rangi iliyo safi haichemshwi na majani. Kwa kikombe cha mililita 250, kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima kinatosha, yaani gramu mbili hadi mbili na nusu. Chemsha maji mpaka yatokote kweli, epua, tia majani, funika, ngoja dakika tatu hadi nne, chuja. Kufunika kuna kazi mbili: joto lisishuke haraka, na harufu isiondoke na mvuke. Baada ya kuchuja, majani yasirudi. Birika linalokaa na majani chini yake huwa zuri kwa mtu wa kwanza, kwa wa pili likawa kali, kwa wa tatu likawa chungu, kwa sababu tanini, yaani viambato vinavyokwaruza ulimi, huendelea kutoka muda wote maji yakiwa ya moto.

Mkandaa unataka nguvu zaidi. Majani huingia maji yakiwa bado yanachemka na hubaki motoni dakika mbili au tatu, mara nyingi pamoja na kipande cha tangawizi au iliki. Rangi huwa nyekundu iliyokolea kuelekea kahawia. Mkandaa pia ni jina la mkoko ambao gome lake hutumika kutia rangi na kulainisha ngozi, na aliyewahi kuona maji ya gome hilo anajua rangi gani inasemwa. Chai hii hunywewa na sukari ya kutosha na hukaa vizuri na mahamri au mbaazi za nazi. Ukiipika nyepesi, utamu wa mahamri unaimeza. Turungi ya Nairobi nayo huchemshwa, mara nyingi bila kiungo chochote, na mtu huinywa kwa mkate mkavu au ndazi akiwa amesimama.

Mahali ulipo pana neno pia, na watu wengi hawalifikirii. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Mombasa na Tanga maji yanayotokota ni ya nyuzi 100. Mwanza ni kama 96. Nairobi na Mbeya ni kama 94, na juu Kericho hupungua zaidi. Nyuzi sita ni nyingi kwa chai. Ndiyo maana kuloweka dakika tatu, ambako pwani kunatosha kabisa, Nairobi hutoa chai iliyofifia, na watu wa bara hupenda kuiacha ichemke na majani. Hawajakosea, wanafidia joto wasilolipata. Aliyehama kutoka Tanga kwenda Njombe aongeze dakika moja kwanza kabla ya kulaumu majani.

Maji yenyewe nayo husema. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yamejaa chokaa. Chai ya rangi iliyopikwa kwa maji hayo hufanya utando mwembamba juu, unaong'aa kama mafuta na kuacha duara kwenye kikombe. Huo utando ni chokaa iliyoshikana na viambato vya chai, wala hauna madhara, lakini unaua ung'avu na ladha. Matone machache ya limau huuzuia. Maji ya mvua huuondoa kabisa, na nyumba yenye tangi la maji ya mvua inafanya vizuri kuyatenga kwa chai. Limau pia hugeuza rangi: chai nyeusi huwa ya dhahabu mara tu tone linapoingia. Maji yenye magadi hufanya kinyume, huifanya chai iwe nyeusi tititi hata kama majani ni machache, hivyo usipime ukali kwa macho ukiwa katika maeneo ya maji ya magadi. Onja.

Ya maziwa, ambayo ndiyo kazi

Kwa watu wengi wa bara chai ni hii, na nyingine zote ni mbadala wake. Kwa lita moja inayotosha vikombe vinne, anza na mililita 600 za maji na 500 za maziwa. Ile mia ya ziada itaondoka kwa mvuke na kubaki ndani ya majani. Tangawizi mbichi gramu 15 hadi 20, sawa na kipande cha urefu wa kidole gumba. Majani vijiko vitatu vya chai vyenye kilima kidogo, kama gramu nane au tisa. Sukari vijiko vinne hadi sita kwa wanaotia sufuriani. Nusu kwa nusu ndiyo chai ya heshima. Hoteli nyingi huenda maji mawili kwa maziwa moja, na chai hiyo inaweza kuwa nzuri kama majani hayakubaniwa. Kinachokera ni kupunguza maziwa na majani kwa pamoja halafu kuficha kwa sukari.

Mpangilio ndio unaoamua. Maji na tangawizi iliyopondwa vitangulie. Vikishachemka, viache dakika tano kamili kwa moto wa wastani. Kisha majani, dakika mbili. Kisha maziwa, na moto uongezwe mpaka chai ipande. Ikipanda, punguza ishuke; ipande tena, ishuke; mara ya tatu epua na uchuje.

Dakika tano za tangawizi zina sababu mbili. Ya kwanza ni ladha: tangawizi ni ngumu na haitoi ukali wake kwa mchemko wa mara moja. Ya pili ni maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini, kile kile kinachofanya nyama iliyopakwa tangawizi ilainike. Kikikutana na maziwa ya moto ambayo bado hayajachemka, protini zinashikana vibonge na maji yanajitenga. Watu husema maziwa yalikuwa mabaya, wanamrudia muuza maziwa kwa ugomvi, kumbe kosa ni la jikoni. Kuchemsha tangawizi kwenye maji kwanza hukiua kimeng'enya hicho. Tangawizi iliyokaushwa na kusagwa haina tatizo hili kwa kiasi hicho, lakini ladha yake ni nyingine, ina moto mwingi na harufu kidogo.

Kuna wakati lawama ni ya maziwa kweli. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yakashinda bila ubaridi huanza kupata uchachu ambao ulimi hauusikii, na yakiwa baridi yanaonekana mazima. Moto ndio unaoyaumbua. Kabla ya kumimina nusu lita ndani ya sufuria yenye tangawizi na majani ya watu wanne, chemsha kijiko kimoja cha maziwa hayo pembeni. Yakikatika kwenye kijiko, yangekatika sufuriani. Sababu ya tatu ya maziwa kukatika ni limau au rosela (maua mekundu yenye uchachu) iliyobaki kwenye chujio au birika lisilooshwa vizuri. Chujio la chai ya limau na la chai ya maziwa yafaa yawe mawili.

Maziwa mabichi ya mitaani lazima yachemke ndani ya chai. Kuyamimina mabichi kikombeni juu ya chai ya rangi hakuyaivishi, na maziwa mabichi huweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Ya pakiti yaliyokwisha kuivishwa hayahitaji kupandishwa mara tatu kwa ajili ya usalama, lakini pandisha tu, kwa sababu mchemko huo hupunguza maji, hukoleza maziwa na kuipa chai ule uzito mdomoni. Maziwa ya unga yasitupwe makavu kwenye chai inayochemka, yatafanya madonge. Koroga kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, gramu 125 hadi 130 kwa kila lita ya maziwa unayotaka kupata.

Kwa nini majani yatangulie maziwa? Protini za maziwa hushikana na tanini. Ndiyo maana chai ya maziwa haikwaruzi ulimi kama ya rangi. Lakini majani yakitiwa kwenye maziwa tangu mwanzo hutoa rangi kwa uzito, na mpishi anayeona weupe huongeza kijiko, kisha kingine. Nyumba nyingi huchanganya kila kitu kwa pamoja na kuchemsha kwa muda mrefu, na hufika. Gharama yake ni majani mengi zaidi na hatari ya maziwa kushika chini. Mimi nashikilia mpangilio wa majani kwanza.

Sufuria nyembamba ya aluminiamu huunguza maziwa haraka, hasa kwenye jiko la gesi lenye moto wa katikati. Koroga hadi chini baada ya kumimina maziwa. Ukisikia harufu ya kuungua, usikwangue. Mimina chai taratibu kwenye sufuria nyingine ukiiacha ile iliyoshika chini. Maziwa hupanda na kumwagika kwa sababu protini na mafuta hufanya ngozi juu, mvuke unakwama chini yake na kuisukuma yote kwa pamoja. Sufuria isizidi theluthi mbili, na mwiko wa mti uliolazwa juu huvunja povu. Kwenye kuni, funika. Maziwa hunyonya moshi kama majani yanavyonyonya harufu ya sabuni, na chai inayonuka moshi haitengenezeki tena.

Sukari iwekwe baada ya kuepua au dakika ya mwisho. Ikiingia mapema bila kukorogwa huweza kutua chini na kuungua pamoja na maziwa.

Viungo vina zamu zao. Mdalasini mzima, kipande cha sentimita tano kwa lita, uingie na maji pamoja na tangawizi kwa sababu ni gome na linataka muda. Pilipili manga punje tano zilizopasuliwa, hivyo hivyo. Karafuu mbili, zisizidi; ya tatu huanza kutia ganzi ulimini na kufunika kila kitu. Iliki tatu au nne zipasuliwe na kutiwa pamoja na maziwa, kwa sababu harufu yake ni nyepesi na dakika kumi za mchemko huimaliza. Masala ya chai yaliyosagwa hutosha nusu kijiko kwa lita, na yakikaa kwenye kopo miezi mingi hubaki vumbi la kahawia tu. Chai ya karak inayouzwa Muscat na Dubai, ambayo sasa inapatikana hadi Mombasa, ni ya ukoo huu: majani mengi, mchemko mrefu, iliki na maziwa ya kopo. Maziwa ya kopo yamekwisha kupunguzwa maji, hivyo yapimwe nusu ya kiasi cha maziwa ya kawaida.

Chai isiyo na majani ya chai, na chai isiyo kinywaji

Mchaichai, mdalasini, majani ya mlimao, rosela: vyote huitwa chai bila mmea wenyewe kuwemo. Mchaichai unataka mabua yapondwe chini kwenye weupe na kukunjwa fundo, kisha yachemke dakika saba hadi kumi. Ukikata majani ya juu tu utapata rangi ya kijani na harufu ya nyasi. Chai hizi hazina kafeini, kwa hiyo zinafaa usiku na kwa watoto.

Halafu kuna chai kwa maana ya mlo. "Umeshakunywa chai?" asubuhi huuliza kama umekula, na mtu aliyekunywa uji kwa mihogo hujibu ndiyo bila kudanganya. Chai ya saa nne ni mapumziko ya kazini. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunwa. Chai nzito ni ile yenye chapati, supu, mayai na kila kitu. Na "karibu chai" anaambiwa yeyote anayepita mlangoni. Mpitaji wa pwani hujibu "starehe" akaendelea na safari yake, na hakuna aliyekosewa heshima.

Kuna jambo moja la afya hapa ambalo halisemwi vya kutosha. Tanini ya chai hushikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, dengu, mboga za majani na nafaka, mwili ukashindwa kuyachukua. Mjamzito anayemeza vidonge vya chuma kwa chai, na mtoto mdogo ambaye asubuhi yake yote ni chai na andazi, wanapoteza kitu wanachokihitaji sana. Acha saa moja kati ya mlo au kidonge na chai. Kidonge kimezwe kwa maji au juisi ya chungwa.

Chai ya ofisini ni nyingine. Fundi aliyemaliza kazi vizuri ukamwongezea "ya chai" umemshukuru. Mtumishi wa umma anayeitaka kabla faili halijasogea anaomba rushwa, na sheria haiangalii jina aliloipa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007 na Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016 zinamshika anayepokea na anayetoa. Kwenye mitandao ya Tanzania chai imepata maana mpya tena: kisa kikionekana kimetungwa, wasomaji huandika "hii chai" na kupita.

Chupa, na sufuria ya watu mia

Chupa ya chai ipashwe kwanza kwa maji ya moto dakika tano, ndipo chai iingie ikiwa imechujwa na imetoka motoni. Chupa baridi huiba joto la vikombe vya kwanza. Ijaze hadi karibu na kizibo, kwa sababu nafasi tupu hupoza. Ya maziwa isilale humo usiku kucha. Ikishafikia uvuguvugu inakuwa mahali pazuri pa vijidudu, na sukari huwasaidia. Harufu ya maziwa ya kale huondoka kwa kijiko cha mezani cha magadi ya kuokea kwenye maji ya moto, yakae nusu saa, kisha suuza na uihifadhi chupa bila kizibo. Kizibo na mpira wake vioshwe pekee, kwani harufu nyingi hukaa pale.

Kwa msiba, harusi au kikao cha watu mia, usizidishe kila kipimo kwa mia. Vikombe mia vya mililita 250 ni lita 25. Tia maji lita 17 na maziwa lita 10. Tangawizi gramu 300 hadi 400, ikitwangwa kwenye kinu na kuchemshwa dakika kumi na tano, kwa sababu maji mengi huchelewa kuivisha. Majani gramu 200 yanatosha, upande wa chini wa hesabu ya nyumbani, maana sufuria kubwa hukaa na joto muda mrefu na kuyakamua vizuri. Yafunge kwenye kitambaa safi chepesi, kilegee ili yapate nafasi ya kuvimba, na ukitoe kitambaa maziwa yakishapanda. Kuchuja lita 25 kwa chujio la mkono huku watu wamesimama foleni ni adhabu. Maziwa yachemshwe kwenye sufuria yake pembeni na kumiminwa yakiwa ya moto. Lita 10 za maziwa baridi zikiingia kwa pamoja, kuni zitachukua muda mrefu kuirudisha chai kwenye mchemko, na majani yataendelea kutoa uchungu muda wote huo.

Sukari sufuriani isizidi kilo moja, nyingine iwe mezani na vijiko. Katika watu mia wamo wenye kisukari, na wamo wasiotumia maziwa. Lita tatu za chai ya rangi isiyo na sukari zitengwe kwenye birika lake kabla maziwa hayajaingia, na birika hilo liwekewe alama.